Mita moja kwa miaka minane: Somo la Planica kwa Babati

MITA moja ni kitu kidogo sana kwenye soka. Ni hatua moja ya beki anayerudi kumkaba straika. Ni shuti lililopita pembeni ya nguzo, mashabiki wakashika vichwa, dakika mbili baadaye wakasahau. Lakini upo mchezo huko Ulaya ambao watu wenye roho ngumu waliitafuta mita moja kwa miaka minane.

Iko hivi. Machi 18, 2017, pale Vikersund nchini Norway, Stefan Kraft wa Austria alipaa mita 253.5 akiwa na skii miguuni. Rekodi ya dunia. Ikakaa. Misimu ikapita, mabingwa wakabadilishana vikombe, rekodi ikabaki pale pale. Machi 30, 2025, kijana wa Slovenia anayeitwa Domen Prevc, akiwa na miaka 25, akatua kwenye mita 254.5 katika mteremko wa Planica nchini kwao. Miaka minane, nyongeza mita moja.

Shabiki wa Babati anaweza kuuliza, hayo yanamhusu nini mtu ambaye theluji anaiona kwenye televisheni tu? Yanamhusu. Tena yanamhusu kuliko hata matokeo mengi ya Ligi Kuu ya England anayoyakesha pale kibanda umiza.

Kwanza apate picha ya urefu wenyewe. Chukua viwanja vitatu vya mpira, kila kimoja kina mita 105. Vipange vifuatane, goli la kimoja lipeane mgongo na goli la kingine. Domen aliondoka kwenye goli la kwanza, akavipita viwanja viwili vyote juu kwa juu, akatua ndani ya uwanja wa tatu akiwa amebakiza mita nane tu kufika mstari wa kati. Hakuna kipa, hata awe na mguu wa namna gani, anayeweza kuufikisha mpira huko kwa teke moja. Huyu jamaa alijifikisha mwenyewe.

MCHEZO WENYEWE UKOJE

Kupaa kwa skii ni kaka mkubwa wa ule mchezo wa kuruka kwa skii unaoonekana kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Tofauti ni ukubwa wa mteremko. Ile ya Olimpiki ni midogo. Hii ya kupaa ni mikubwa kiasi kwamba dunia nzima inatumia viwanja vinne tu: Planica ya Slovenia, Vikersund ya Norway, Oberstdorf ya Ujerumani na Kulm ya Austria. Ubingwa wa dunia wa kupaa ulianza mwaka 1972, na wa kwanza ulifanyika hapo hapo Planica.

Mchezaji anakaa kwenye boriti juu kabisa. Akiruhusiwa anajiachia, anateremka kwenye njia ya barafu huku amejikunja, na akifika ukingoni kasi yake imeshapita kilomita 100 kwa saa. Hapo anajirusha. Hana injini, hana mabawa, hana kamba. Ana skii mbili ndefu, suti na mwili wake. Analala juu ya hewa kwa sekunde saba au nane, kisha anatakiwa atue mguu mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma, bila kuyumba.

Na umbali peke yake hautoshi kumpa mtu ushindi. Wapo majaji watano, kila mmoja ana alama zisizozidi 20 za kutoa kwa jinsi mtu alivyopaa na kutua. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zinahesabiwa tatu za katikati. Halafu upepo nao unapigiwa hesabu. Ukikupuliza kwa mbele unakubeba, basi unakatwa alama. Ukikusukuma kutoka nyuma unakuangusha mapema, basi unaongezewa. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda mbali kuliko wenzake na bado asishinde. Shabiki aliyewahi kuona timu yake ikipiga mashuti 20 na kufungwa kwa kona moja analielewa jambo hilo bila kufundishwa.

Rekodi nayo ina masharti. Februari 2015, Dmitry Vassiliev wa Urusi alifika mita 254 pale Vikersund. Akaanguka wakati wa kutua. Haikuhesabiwa. Ni kama bao zuri la baiskeli lililofungwa kibendera kikiwa juu: watu watalisimulia, lakini ubao hausogei.

Aprili 2024 ikatokea nyingine kubwa zaidi. Ryoyu Kobayashi wa Japan alikwenda mita 291 kwenye mteremko uliotengenezwa maalumu karibu na Akureyri, Iceland, kwa udhamini wa kampuni ya vinywaji. Mita 291! Lakini hayakuwa mashindano, na Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo, FIS, halikuitambua kama rekodi. Rekodi inataka wapinzani, waamuzi na kanuni zilizo sawa kwa wote. Hat-trick ya mechi ya kirafiki haimpi mtu kiatu cha dhahabu.

Na wasidhani wenzetu hao ni malaika. Figisu zipo hadi kwenye theluji. Machi 2025, kwenye mashindano ya dunia ya Trondheim, maofisa wa timu ya Norway walibainika kuzichezea suti za wachezaji wao kwenye mishono ili ziukamate upepo vizuri zaidi. Marius Lindvik, aliyekuwa ameshika nafasi ya pili, akaondolewa kwenye matokeo. Hiyo ilikuwa Norway, tena ikiwa mwenyeji.

MTEREMKO NDIO UNAOZAA BINGWA

Sasa lije swali lenyewe. Kwa nini rekodi ya Domen iliwekwa na Mslovenia, na kwa nini iliwekwa Planica?

Slovenia ni nchi yenye watu milioni 2.1. Mkoa wa Manyara, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu karibu milioni 1.9. Kwa eneo, Manyara inaizidi Slovenia zaidi ya mara mbili. Yaani nchi nzima inayoongelewa hapa inakaribia kuwa sawa na mkoa mmoja ambao makao yake makuu ni Babati.

Wapenzi wa soka wanaifahamu Slovenia kwa Jan Oblak, kipa wa Atletico Madrid, aliyedaka penalti ya Cristiano Ronaldo kwenye muda wa nyongeza wa Euro 2024. Siku ile Slovenia ilitolewa na Ureno kwa matuta. Kwenye soka ndiyo levo yao: wanasumbua, wanaheshimiwa, wanarudi nyumbani. Lakini kwenye kupaa kwa skii hawasumbui tu, wanatawala.

Mambo hayo hayakuanza jana. Miaka ya 1930, Slovenia ikiwa bado sehemu ya Yugoslavia, mhandisi Stanko Bloudek alishiriki kujenga mteremko mkubwa kwenye bonde la Planica. Wakubwa wa mchezo huo duniani hawakufurahia mteremko mkubwa kiasi kile. Machi 1936, kijana wa Austria wa miaka 18, Sepp Bradl, akaruka pale mita 101.5 na kuwa mtu wa kwanza duniani kuvuka mita 100. Mwaka 1969 ndugu wawili, Vlado na Janez Gorišek, wakakamilisha mteremko mwingine mkubwa zaidi kwenye bonde lile lile. Machi 1994, Toni Nieminen wa Finland akafika hapo mita 203, wa kwanza kuvuka 200 na kusimama.

Hesabu hiyo inafaa kutazamwa taratibu. Kutoka mita 100 kwenda 200 ilichukua miaka 58. Kutoka 200 kwenda 250 ikachukua miaka 21. Na mtu wa kwanza kufika 250 alikuwa nani? Peter Prevc wa Slovenia, Februari 2015 pale Vikersund. Huyo ni kaka yake Domen.

Haijaishia hapo. Wanawake waliruhusiwa kushindana kwenye miteremko hii mikubwa kwa mara ya kwanza Machi 2023. Miaka miwili baadaye, Machi 14, 2025, Nika Prevc akapaa mita 236 na kuweka rekodi ya dunia ya wanawake. Nika ni mdogo wao Peter na Domen. Siku 16 baadaye Domen akaweka ya wanaume. Rekodi mbili za dunia, mwezi mmoja, nyumba moja. Na kaka mwingine wa nyumba hiyo, Cene, ana medali ya fedha ya timu ya Olimpiki ya 2022.

Mtu mvivu wa kufikiri atasema hiyo familia imebarikiwa tu. Baraka zipo. Lakini watoto hao walikulia kwenye kijiji ambacho mtoto akitaka kuruka anaanzia kilima kidogo karibu na kwao, baba yao ni jaji wa mchezo huo, na bonde la Planica ambako makumi ya maelfu ya watu wanajazana kila Machi haliko mbali. Kipaji kilikuta ngazi imeshawekwa. Wakapanda.

PHILIP BOIT ALIFUATA MTEREMKO WA WATU

Afrika Mashariki nayo imewahi kujaribu theluji, na inafaa kukumbushwa.

Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japan, Kenya ilipeleka mtu. Aliitwa Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka maeneo ya Eldoret. Kampuni kubwa ya viatu ilimdhamini, akapelekwa Finland kujifunza kukimbia kwa skii. Alikuwa hajawahi kuona theluji. Kwenye mbio za kilomita 10 alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie hakukubali sherehe za medali zianze. Alimsubiri Mkenya huyo mpaka akavuka mstari, akamkumbatia. Boit akarudi nyumbani, mtoto wake akampa jina la Daehlie.

Ni hadithi nzuri na Boit anastahili heshima yake yote, maana alirudi tena 2002 na 2006. Ila Kenya haikupata bingwa wa theluji kwa njia hiyo. Isingeweza. Mwaka 2018 ilimpata Sabrina Simader kwenye Olimpiki ya PyeongChang, lakini huyo alikulia Austria, penye mlima na theluji yake. Huku, Eldoret ile ile ya Boit iliendelea kumwaga mabingwa wa mbio, kwa sababu kule ndiko kwenye mteremko wake halisi: mwinuko, barabara za vumbi, kambi, na mtoto anayekimbia kwenda shule akijua kwamba jirani yake amewahi kushinda huko duniani na akajenga nyumba.

Kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeishauri Babati itafute skii. Ushauri ni mwingine: itafute mteremko wake. Na haihitaji kutafuta mbali.

MANYARA WALISHAPAA ZAMANI

Jaribu kusimama kwenye kijiwe chochote cha bodaboda mjini Babati siku ya mechi uwaulize vijana matokeo ya Simba pale Kwaraa, Februari 2025. Watakwambia 1-1, na watakutajia kwamba Ladaki Chasambi alijifunga kwa pasi ya kurudisha nyuma. Watakuonyesha hadi mahali aliposimama kipa. Sasa waulize Fabiano Joseph Naasi ni nani.

Fabiano Joseph ni mzaliwa wa Babati. Mwaka 2003 alichukua medali ya fedha kwenye mashindano ya dunia ya nusu marathoni. Mwaka 2004 akachukua fedha tena. Mwaka 2005, kule Edmonton, Canada, akachukua dhahabu. Bingwa wa dunia. Siyo wa kanda, siyo wa Afrika Mashariki. Wa dunia, akiwa na miaka 19.

Edmonton hiyo hiyo ina historia nyingine na mkoa huu. Mwaka 1978, Gidamis Shahanga wa Katesh, wilayani Hanang, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola katika mji huo. Miaka minne baadaye, Brisbane, Australia, akashinda mita 10,000. Wakati huo eneo lote lilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha. Manyara ilizaliwa 2002. Mkoa haukuwepo kwenye ramani, lakini miguu ilikuwepo.

Kutoka Mbulu yupo Gabriel Geay. Desemba 2022 alimaliza wa pili Valencia kwa saa 2:03:00. Aprili 2023 akawa wa pili Boston, na Eliud Kipchoge siku hiyo alikuwa wa sita. Wa sita! Mtanzania kumwacha Kipchoge nyuma ni habari ambayo kwenye soka ingefanya watu walale barabarani na vuvuzela.

Ukivuka kidogo kuingia Karatu kuna Filbert Bayi. Na hapa ndipo hadithi ya theluji na ya vumbi zinapokutana.

BOKLÖV NA BAYI

Miaka ya 1980, waruka skii wote walipaa wakiwa wamebananisha skii zao sambamba. Akatokea Msweden Jan Boklöv, yeye anazitanua mbele kama herufi V. Majaji wakaona ni vituko, wakamkata alama za mtindo. Lakini alikuwa anakwenda mbali, maana skii zilizotanuliwa zinabebwa na hewa nyingi zaidi. Msimu wa 1988/89 akachukua Kombe la Dunia pamoja na kukatwa alama kote huko. Miaka michache baadaye kila mtu akawa anaruka V. Rekodi zote za mita 200 na 250 ni watoto wa mtindo uliochekwa.

Bayi naye walimshangaa hivyo hivyo. Wajuzi wa mita 1,500 walifundisha kwamba mtu anajificha nyuma, anasubiri, anachomoka mwishoni. Bayi akawa anaondoka mbele tangu bunduki inapolia. Wakasema atakata pumzi. Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, kwenye fainali ya Jumuiya ya Madola, aliondoka mbele na hawakumwona tena isipokuwa mgongo. Dakika 3:32.2. Rekodi ya dunia. John Walker aliyemfuata naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili. Kama rekodi ya michezo hiyo, muda wa Bayi ulidumu hadi 2022. Miaka 48.

Kraft alikaa miaka minane akaonekana hashikiki. Bayi alikaa 48 pale Jumuiya ya Madola. Na wiki nzima inaweza kupita kwenye vijiwe vya michezo bila mtu kulitaja jina lake, huku penalti moja ya utata ikijadiliwa mwezi mzima.

TATIZO SIYO SOKA

Hapa wapo watakaokasirika. Watasema soka ndiyo inayojaza watu, ndiyo inayouza jezi, ndiyo iliyoileta Babati kwenye televisheni. Ni kweli kabisa. Fountain Gate walipoufanya Uwanja wa Tanzanite Kwaraa kuwa nyumbani kwao, mji ulichangamka. Simba na Yanga wakija, wanaofurahi siyo mashabiki peke yao: wenye nyumba za kulala wageni, mama lishe, wauza jezi na bodaboda wote wanahesabu. Hakuna sababu ya kuipiga vita neema hiyo.

Watasema pia Slovenia ni Ulaya, wana hela. Hiyo nusu yake ni kweli. Bloudek na wenzake miaka ile ya 1930 hawakuwa na utajiri wa leo. Walikuwa na bonde lenye umbo zuri na uamuzi wa kulikomalia. Na tofauti na kuruka skii, mbio hazihitaji mashine ya kutengeneza theluji wala mnara wa zege. Zinahitaji njia iliyopimwa, saa ya kuaminika, kocha, chakula na mtu wa kuandika.

Hilo la mtu wa kuandika linaweza kuonekana dogo. Ndilo kubwa. Kila hatua ya mchezo wa kupaa ina jina, tarehe na mita. Bradl 101.5, Nieminen 203, Prevc mkubwa 250, Kraft 253.5, Prevc mdogo 254.5. Mtoto wa Slovenia anakua akijua namba anayoifukuza. Je, mtoto wa Dareda au Galapo anayeshinda mita 1,500 kwenye UMITASHUMTA anajua aliyeshinda kabla yake alikimbia dakika ngapi? Anajua bora kabisa kuwahi kukimbiwa na mtoto wa umri wake wilayani kwake ni muda gani? Kama hajui, anamfukuza nani?

Mtoto asiye na namba ya kuifukuza anashinda, anapewa makofi na daftari, anarudi nyumbani. Mwaka unaofuata yuko shambani, au yuko mjini anaendesha pikipiki, na hakuna hata mstari mmoja unaoonyesha kwamba siku moja alikuwa na kasi ya kuutikisa ulimwengu. Hiyo ndiyo hasara. Haionekani kwenye msimamo wa ligi, lakini ipo.

KWARAA INAWEZA KUANZA KESHO

Soka ndiyo yenye watu, basi soka ndiyo ingebeba mzigo huu. Siku ya mechi kubwa Kwaraa, kabla timu hazijatoka vyumbani, mashabiki wanakuwa wameshakaa saa mbili nzima wakisikiliza muziki. Muda huo unatosha kabisa kukimbiza watoto wa shule za Babati, Hanang na Mbulu kuuzunguka uwanja. Umbali upimwe mara moja kwa uhakika. Muda utangazwe kwenye kipaza sauti. Jina na muda vibandikwe ukutani, vibaki pale hadi mwingine avivunje. Mechi ijayo watu wasubiri kuona kama binti wa Katesh atamvua rekodi binti wa Magugu. Shabiki wa soka anapenda ushindani kuliko kitu chochote. Akipewa namba ya kushabikia, ataishabikia.

Kwenye ukuta huo huo yaandikwe majina: Shahanga, 1978 na 1982. Fabiano Joseph, 2005. Geay, 2022 na 2023. Yaandikwe makubwa, mahali ambapo hata shabiki wa Yanga aliyetoka Dar kwa basi atayasoma akielekea kukaa. Halmashauri, chama cha riadha cha mkoa na klabu inayoutumia uwanja hawahitaji bajeti ya bilioni kwa hilo. Wanahitaji rangi na kikao kimoja.

Baada ya hapo ndipo maneno ya kambi ya kudumu, makocha wa kulipwa na uwanja wa kisasa wa riadha yatakuwa na uzito, maana kutakuwa na namba za kuweka mezani. Kiongozi ni rahisi kukataa ombi la "tuna vipaji vingi". Ni vigumu zaidi kukataa orodha ya watoto 30 yenye majina, shule na muda.

Na wenye haraka wakumbushwe kitu kimoja. Soka la Tanzania limezoea kumfukuza kocha baada ya mechi tano. Kwa mwendo huo Planica isingekuwepo. Matunda ya kazi hii yanaweza kuchelewa miaka minane, au kumi na minane. Septemba 2025 pale Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida, majirani wa Manyara, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano hayo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda ule ule, 2:09:48. Waliachana kwa sehemu tatu za mia za sekunde baada ya kilomita 42. Simbu alikuwa ameshachukua shaba London mwaka 2017, mwaka ule ule ambao Kraft aliweka rekodi yake. Alisubiri miaka minane, sawa na wale wa mita moja.

Kwa hiyo msimu ukianza, mtu mmoja pale Kwaraa aje na mkanda wa kupimia, mwingine aje na saa, na mwingine aje na kopo la rangi. Watoto watakuja wenyewe.